Sakafu ya Hardtop imeoza: ribiti na faiba, au kukata na kuchomelea?

Swali: Nina Land Cruiser Hardtop, HZJ75 ya mwaka 1994, na naishi Kigamboni, Dar es Salaam. Abiria wangu walilalamika kuwa miguu inalowa, nikatoa kapeti. Upande wa dereva nimekuta tundu linalopitisha ngumi, na upande wa abiria bati limevimba na kumeguka kila ukiligusa. Fundi wa kwanza anasema atafunika kwa bati jipya, apige ribiti na kupaka faiba juu, kazi ya siku moja. Wa pili anataka kukata yote na kuchomelea upya, na bei yake ni mara tatu. Nimsikilize nani? Bati la aina gani litumike? Na nikipuliza oili chafu chini ya gari kama wengi wanavyofanya, kutu haitarudi?

Jibu: Msikilize fundi wa pili, ila asianze kazi kabla hamjakubaliana mambo matatu: maji yanaingilia wapi, atakata hadi wapi, na upande wa chini ataukabidhi ukiwa katika hali gani. Fundi anaweza kuchomelea vizuri kabisa, na bado sakafu ikaoza upya baada ya masika mawili kwa sababu moja kati ya hayo lilirukwa.

Kazi ya ribiti na faiba ina kasoro isiyorekebishika. Bati jipya likilazwa juu ya bati lililooza, kati yake unabaki mwanya mwembamba unaonyonya maji na kuyashikilia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na zaidi, kwa hiyo inapoendelea humo ndani hulisukuma bati jipya juu na ribiti zinalegea. Ribiti nyingi zinazouzwa madukani ni za alumini, na alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa kwanza. Faiba nayo haikushika chuma, imeshika vumbi la kutu, na vumbi hilo ndilo linalobanduka. Kibaya kuliko vyote ni kwamba hutaona kinachoendelea. Juu patang'aa huku chini panaendelea kuoza, mpaka siku kiti cha dereva kitakapoanza kuyumba gari likipita kwenye matuta.

Kabla ya sakafu, gonga chesisi

Usitoe hata shilingi ya sakafu kabla hujaikagua chesisi. Land Cruiser imejengwa bodi juu ya chesisi, na sakafu iliyooza inatengenezeka. Chesisi iliyooza ni hesabu nyingine kabisa. Inua gari, liweke kwenye stendi, lisibaki juu ya jeki peke yake. Osha matope yote, kisha chukua nyundo ndogo upitie reli zote mbili toka mbele hadi nyuma, ukigonga kila sentimita 10. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Palipoliwa sauti inafifia, na mara nyingine unasikia magamba yakidondoka ndani ya reli. Tumia muda zaidi juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, na sehemu zote ambazo mabano ya bodi yanakaa juu ya raba. Ukikuta nyundo inazama, simamisha mpango wa sakafu hadi ujue gharama ya chesisi.

Kwenye sakafu yenyewe tumia bisibisi bapa kuukuu na chaki. Toa viti, kapeti lote na sponji iliyo chini yake, pamoja na tabaka la lami lililobandikwa kiwandani kuzuia kelele. Tabaka hilo hutoka kwa tindo, na likiwa gumu lipashe joto kidogo. Usiliache kwa kuwa linaonekana zima, kwani mara nyingi chini yake ndiko kuna hali mbaya kuliko pote. Choma kwa bisibisi kuzunguka tundu, ukienda nje hadi mahali ambapo bisibisi haizami na bati halinesi, kisha ongeza sentimita 3. Hapo piga mstari wa chaki. Tundu la ngumi kwa kawaida huishia kuwa kipande cha upana wa sahani kubwa au zaidi, na fundi akikuambia hivyo hakudanganyi.

Kagua hasa sehemu ambayo sakafu inapanda kukutana na ukuta wa injini, ukingo wa chini unaopakana na kizingiti cha mlango, matundu ya plagi za raba, na sehemu bolti za viti na mikanda zinapofungwa.

Maji yanatoka wapi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Umesema miguu ya abiria inalowa, nami ningeanza na kiyoyozi. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, evaporeta (sehemu ya kiyoyozi inayopoza hewa) iko chini ya dashibodi upande wa abiria, na maji yake hutoka nje kupitia mpira mwembamba. Mpira huo ukizibwa na vumbi, maji yanamwagika ndani. Katika joto la Dar es Salaam kiyoyozi hutoa maji mengi, kwa hiyo hata kiangazi bila tone la mvua kapeti linakuwa limelowa. Washa kiyoyozi dakika 20 gari likiwa limesimama. Usipoona maji yakidondoka chini ya gari, mpira umeziba. Uzibue kwa waya laini au hewa ya kompresa yenye nguvu ndogo. Lakini kama maji ya ndani ni mazito kidogo, yana rangi na harufu tamu, hayo yanatoka kwenye hita. Ni maji ya rejeta, na yana tiba nyingine.

Upande wa dereva angalia klachi masta, yaani pampu ndogo ya oili inayosukumwa na pedali ya klachi. Ikivuja, oili ya breki hupita kwenye fimbo ya pedali na kuteremka ukuta wa injini kwa ndani. Oili hiyo inabandua rangi, chuma kinabaki uchi, kisha unyevu unamalizia. Ukiona rangi imelainika au imekunjamana chini ya pedali ya klachi, badilisha raba za masta au masta nzima kabla hujakata bati.

Baada ya hayo tafuta njia za mvua. Kwenye Land Cruiser za jamii hii, fremu ya kioo cha mbele huoza chini ya mpira wake, na mifereji ya paa huachana kwenye maungio. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira wa bustani bila kuuminya. Anzeni chini, kwenye raba ya mlango, dakika 5. Kisha kona za chini za kioo, kisha matundu ya hewa mbele ya kioo, na paa iwe ya mwisho. Mkianza juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Fremu ya kioo ikikutwa na kutu, itengenezwe katika kazi hiihii. Silanti (gundi ya kuzibia maungio) juu ya mpira wa kioo huzuia maji miezi michache tu, huku kutu ikiendelea chini yake.

Kwa anayeishi Kigamboni kuna jambo la ziada. Chumvi ya bahari haihitaji mvua ili ifanye kazi. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi inaanza kuuvuta na kugeuka majimaji palepale ilipo, na asubuhi nyingi za Dar es Salaam hewa inavuka kiwango hicho. Ndiyo maana mchanga wa ufukweni uliojificha juu ya mabano ya bodi na kwenye pembe za sakafu haukauki kabisa. Kabla ya kazi yoyote ya kuchomelea, sehemu zote hizo zioshwe kwa maji baridi ya bomba, yaani yasiyo na chumvi, mara mbili au tatu, kisha gari likauke siku nzima milango ikiwa wazi. Ukipaka praima juu ya chumvi, rangi itafura malengelenge ndani ya miezi, hata kama praima ni ya bei kubwa kuliko zote dukani.

Bati gani

Sakafu ya kiwandani ina unene wa takriban milimita 0.8 hadi 1. Kwa kiraka, nunua bati la chuma la geji 18, yaani milimita 1.2. Linachomeleka bila kutoboka ovyo, linakunjika kwa nyundo, na lina akiba kidogo ya kutu. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 ya unene huo ina uzito wa karibu kilo 28. Ukiinyanyua na kuona ni nyepesi mno, pima unene wake kwa vernia (kifaa cha kupimia milimita) kabla ya kulipa. Kwa pande zote mbili za mbele, nusu shiti huwa inatosha, na kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ulizia kama wanakata.

Bati la kuezekea halifai kabisa. Geji 28 au 30 ni chini ya nusu ya unene unaohitajika, na lina zinki. Bati lolote lenye zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta anaweza kupata homa, baridi na kutetemeka saa kadhaa baadaye, dalili ambazo wengi huzidhania malaria. Pia zinki huacha vitundu ndani ya mshono. Bati la maua (lenye michoro iliyoinuka) la milimita 3 nalo nisingelitumia. Ni zito, halifuati umbo la sakafu, na kulichomelea kwenye bati la milimita 0.8 ni shida: joto linaloyeyusha bati nene linatoboa lile jembamba.

Sakafu zilizokwisha kupigwa umbo zinaweza kuagizwa, au unaweza kukata kipande kwenye gari bovu la aina ileile. Hicho cha pili ni kizuri sana kikipatikana kikiwa kizima, kwa kuwa mbavu na mikunjo yake tayari inalingana. Kigonge na kukichoma kwa bisibisi kama ulivyofanya kwenye gari lako. Kipande kutoka gari lililofanya kazi bara, mbali na bahari, kwa kawaida huwa kizima kuliko cha gari la pwani.

Vitu vingine kwa pande mbili: diski za kukatia za milimita 1 kama 10, diski za msasa namba 60 tatu, waya wa kuchomelea kilo 1, praima ya epoksi lita 1 pamoja na kigumishi chake, praima ya zinki ya kopo dogo, na mirija mitatu ya silanti ya polyurethane ya mililita 310. Mrija mmoja wa silanti hutoa mstari wa milimita 6 kwa karibu mita 10. Ukipiga mshono juu na chini, mirija miwili inaisha upesi.

Kukata

Kwanza moto. Ondoa betri nje ya gari na chomoa nyaya za altaneta. Chini ya sakafu na kando ya chesisi kuna mabomba ya dizeli na ya breki. Yafungue na kuyasogeza, au yatoe kabisa pale cheche zitakapofika. Usiyafunike kwa kitambaa ukaita hiyo kinga. Tangi likiwa karibu na sehemu ya kuchomelea, litoke. Dizeli haiwaki upesi kama petroli, lakini mvuke uliopashwa joto ndani ya tangi lililo nusu ni hatari kweli. Weka mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo 6 na ndoo ya maji, na awepo mtu wa pili anayetazama chini ya gari wakati wote wa kuchomelea. Mabaki ya lami na sponji huweza kufuka kimyakimya, kwa hiyo msiondoke hadi ipite saa moja tangu mshono wa mwisho. Na kusafisha mafuta kwenye bati kusifanywe kwa dawa ya breki yenye klorini. Ikikutana na mwanga wa kuchomelea hutoa gesi yenye sumu kali. Tumia thina, iache ikauke kabisa, ndipo uwashe mashine.

Pima nafasi kati ya mlango na bodi sehemu nne, uandike kwa chaki kwenye kioo. Kata upande mmoja, umalize kuuchomelea, ndipo uguse wa pili. Gari hili lina chesisi na halitakunjika kama saluni, lakini bodi iliyokatwa pande zote kwa pamoja inaweza kuteremka milimita chache, na milimita hizo zikishachomelewa mlango haufungiki tena vizuri.

Kata kwa diski nyembamba ukifuata mstari wa chaki, na kila kona iwe ya mviringo, nusu kipenyo kama sentimita 2 hadi 2.5. Kona ya pembe kali hukusanya mkazo, na ufa huanzia hapo hapo gari likianza kupita barabara mbaya. Pale sakafu inapokutana na kizingiti usikate kizingiti chenyewe. Tafuta nukta za kuchomelea za kiwandani, zitoboe kwa drili ya milimita 8 kwenye tabaka la juu tu, kisha tenganisha kwa tindo nyembamba.

Ukishafungua, utaona mabano na mihimili iliyo chini ya sakafu. Hapo ndipo bei ya fundi inaweza kubadilika kwa haki, na ni vizuri uwepo. Mwombe akupigie picha za sakafu iliyokatwa kabla hajaweka kipande kipya. Kama bano la bodi au sehemu ya kufungia kiti au mkanda imeliwa, kiraka cha milimita 1.2 hakitoshi. Lijengwe bano upya kwa chuma cha unene uleule wa zamani. Sehemu ya mkanda iwekewe bamba la milimita 3 kwa chini, lenye upana wa kutosha kusambaza mvuto, na bolti zilezile za mkanda zirudi. Bolti ya duka la vifaa vya ujenzi isiingie hapo.

Umbo, kisha moto

Kata mfano kwa karatasi ngumu ya boksi, uujaribu, uurekebishe, ndipo uchore kwenye bati. Kuna hatua mafundi wengi huiruka: mbavu. Sakafu ya asili ina mifereji iliyopigwa ili iwe ngumu. Bati tambarare lisilo na mbavu litapiga kelele kama debe tupu kila injini ikiunguruma, na baada ya muda kutikisika huko kunapasua mshono. Bila mashine ya kupigia mbavu, chomelea nondo mbili za milimita 10 sambamba juu ya bamba zito, zikiacha nafasi ya kama sentimita 2.5. Laza bati juu, weka nondo ya tatu katikati, upige kwa nyundo nzito kidogokidogo kutoka mwanzo hadi mwisho, ukirudia mara kadhaa. Piga mbavu kwanza, ukate ukubwa kamili baadaye, kwa kuwa bati hupungua upana linapopigwa.

Kuna njia mbili za kuunganisha. Ya kwanza ni ncha kwa ncha, mwanya wa milimita 1, bila bati kupandana. Hii ndiyo ningeitaka kwenye sehemu zote tambarare, kwani haiachi mfuko wa kushika maji. Ya pili ni kupandisha bati juu ya jingine kwa sentimita 1.5 hadi 2. Ni rahisi zaidi, na kwa fundi wa kawaida haitoboki. Ikitumika, nyuso zote mbili zinazogusana zipakwe praima ya zinki kwanza ukiacha mstari wa mshono wazi, na ukingo unaoonekana kwa chini uelekee nyuma ya gari, ili maji yanayorushwa na matairi ya mbele yapite badala ya kuingia. Kwenye kizingiti toboa matundu ya milimita 8 kwenye kipande kipya kila sentimita 3 hadi 4, ubane kwa klampu, uyajaze kwa moto.

Mashine iwe MIG (ile inayochomelea kwa waya na gesi), waya wa milimita 0.6, au 0.8 ukikosekana, na gesi ya mchanganyiko wa argoni na kaboni dayoksaidi. Kaboni dayoksaidi pekee pia inafanya kazi, ila cheche ni nyingi. Kwa bati hili anza ampea 50 hadi 70, ujaribu kwanza kwenye vipande vya unene uleule. Gesi iwe lita 8 hadi 12 kwa dakika. Jambo linaloharibu kazi nyingi za nje hapa mjini ni upepo wa bahari wa alasiri. Unapeperusha gesi na mshono unakuwa na vitundu kama mkate. Chomelea asubuhi, au zuieni upepo kwa turubai.

Shikiza kwa nukta kila sentimita 2.5 hadi 3, kwanza pembeni zote nne, halafu katikati, halafu katikati ya katikati. Kisha jaza kwa vipande vya sentimita 1 hadi 1.5 ukiruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kila mara mkono uweze kugusa bati bila kuungua kabla hujarudi karibu na ulipotoka. Mshono mrefu wa mfululizo unavuta bati, linapinda, na ukilipiga nyundo kulinyoosha linapasuka pembeni ya mshono. Usilipoze kwa kulimwagia maji. Bati likitoboka, maana yake ni moja kati ya mbili: ampea ni nyingi, au umefika kwenye bati lililooza. Kama ni la pili, kata zaidi. Kujaza tundu kwa waya juu ya bati lililoliwa ni kupoteza waya.

Kama fundi ana mashine ya elektrodi tu, kazi inawezekana kwa elektrodi za milimita 2 au chini aina ya 6013, ampea 40 hadi 50, bati likipandana. Elektrodi za milimita 2.5 na 3.2 zinazotumika kwenye mageti zinatoboa bati la gari. Umeme wa mtaa ukiyumba, ampea nazo zinayumba, na kwenye bati jembamba utaona tofauti hapohapo. Ni heri kusubiri utulie.

Epoksi, silanti na upande wa chini

Chuma kilicho uchi kisilale usiku katika hewa ya Dar es Salaam. Kilichochomelewa leo kipakwe praima leo. Saga mshono wa juu tu, bila kuulainisha hadi ukawa mwembamba kuliko bati. Mshono wa chini piga burashi ya waya. Palipobaki vidonda vidogo vya kutu kwenye bati zima, tumia dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, ufuate muda ulioandikwa kwenye kopo, usafishe mabaki yake. Dawa hiyo haifufui bati lililomeguka. Asidi ya betri isitumike mahali popote pa bodi.

Epoksi ipakwe matabaka mawili juu na chini. Silanti ipigwe juu ya epoksi, isiguse chuma kitupu, kwenye kila mshono na kwa pande zote mbili, kisha rangi juu yake. Puti haina kazi kwenye sakafu. Inanyonya maji, na ikipasuka inayashikilia dhidi ya chuma. Matundu ya plagi za kiwandani yarudishwe mahali pake na plagi mpya za raba ziwekwe. Fundi akiyaziba kwa bati kwa nia njema, siku maji yakiingia hayatakuwa na pa kutokea.

Kwa chini, baada ya epoksi kukauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, paka tabaka la kuzuia mawe, lile linalobaki kama raba. Ndani ya mihimili na kizingiti, ambako burashi haifiki, puliza nta maalumu kwa mrija mrefu kupitia matundu yaliyopo. Lami ngumu ya moto nisingeipaka. Ikipasuka, maji yanaingia nyuma yake na kukaa humo bila kuonekana.

Sasa oili chafu. Inaonekana kufaa kwa sababu chuma kinakuwa cheusi na maji yanateleza. Lakini oili iliyotumika ina asidi na masizi ya injini. Inalainisha raba za bodi na za springi, ikirukia pedi au ngoma za breki gari halisimami vizuri, na inadondoka ardhini kila unapoegesha. Kwenye njia za mchanga inanasa vumbi na kujenga tope linaloshika chumvi. Na siku utakapotaka kupaka praima au kuchomelea tena, hakuna kitakachoshika mpaka uisafishe yote. Mahali pa oili hiyo ni kwenye dumu la kukusanyia.

Kinachosaidia ni maji baridi. Baada ya kila safari ya ufukweni, au ya barabara iliyofurika maji ya chumvi, osha chini siku hiyohiyo, hasa juu ya mabano na ndani ya matao ya matairi. Kapeti la zamani na sponji yake visirudi. Weka mikeka ya raba inayotolewa, na uinue mara moja kwa wiki wakati wa masika na vuli. Kama unataka kuzuia kelele, tumia karatasi za butili zinazoshika bati lote bila kuacha hewa chini yake.

Kwa mapatano na fundi wako: pande mbili zilizofanywa hivi huchukua siku nne hadi sita, zikiwemo siku za kukausha. Anayeahidi siku moja ataruka epoksi au silanti. Bei iandikwe kwa mafungu: kazi, bati, gesi na waya, rangi na silanti, ili mkikuta bano limeoza muongeze fungu moja bila kugombania lote. Malipo ya mwisho yatoke baada ya wewe kuingia chini ya gari na tochi na kuona mshono wote kwa macho kabla haujafunikwa kwa tabaka la kuzuia mawe. Halafu rudia kipimo cha mpira wa bustani, dakika 5 kila mahali, sakafu ikiwa bado haina mkeka. Tone likionekana, gari libaki gereji.